Tarumbeta Badala ya Maneno

Wapo wanaosema muziki wa okestra hautuhusu sisi wa lugha, kwa kuwa hauna maneno. Mimi nakataa. Sikilizeni Doctor Atomic Symphony ya Mmarekani John Adams, iliyorekodiwa na okestra ya Saint Louis chini ya David Robertson na kutolewa na Nonesuch mwaka 2009. Imetokana na opera yake ya 2005 juu ya Oppenheimer na jaribio la bomu la atomu la Julai 1945. Katika opera, Oppenheimer anaimba shairi la John Donne; katika simfoni, sauti yake inachukuliwa na tarumbeta. Maneno yameondoka, uchungu umebaki (kwa sikio langu umezidi).

Sasa, sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, kwetu Katanga. Katika rekodi hii hatajwi mtu, si Oppenheimer, si mchimbaji wetu. Basi tarumbeta ile bado haina mwenyewe. Walimu wa tafsiri watupe zoezi: tuiandikie maneno ya Kiswahili, na msemaji awe mchimbaji. Shairi la Donne liwekwe kando siku hiyo.