Alitaka kuwa sista, Mungu akampa sanduku la mkunga

Leo nakuomba tumkumbuke mama mmoja muuguzi, Albertina Sisulu wa Afrika Kusini, aliyefariki dunia Juni 2, 2011 akiwa na umri wa miaka 92. Wengi wanamjua kama mke wa Walter Sisulu, aliyefungwa pamoja na Nelson Mandela. Mimi nataka tumtazame kama Mkristo ambaye hakupata utumishi aliouomba.

Alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Camama, Transkei. Baba yake alifariki yeye akiwa bado binti mdogo, na afya ya mama yake haikuwa nzuri, hivyo mzigo wa kuwalea wadogo zake ukamwangukia mapema. Alisoma katika shule ya misheni ya Kikatoliki ya Mariazell. Wakati wa likizo alibaki shuleni akilima na kufua nguo ili kulipia gharama za bweni. Huko ndiko alikotamani kuwa sista. Aliazimia kutoolewa, amtumikie Mungu na kuwasaidia wadogo zake.

Padri Bernard Huss akamweleza ukweli: sista halipwi mshahara, na wale wadogo zake watakula nini? Akamshauri asomee uuguzi. Mwaka 1940 binti huyo akaenda Johannesburg kuanza mafunzo.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunadhani kumtumikia Mungu ni kusimama madhabahuni, kuimba kwaya na kukesha kwenye maombi. Mzazi mgonjwa nyumbani tunamwona kama kikwazo kinachotuchelewesha ibadani. Lakini katika Marko 7:9-13, Yesu anawakemea watu waliosema mali yao ni wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie baba na mama zao. Bwana hakuikataa sadaka. Aliikataa sadaka inayotolewa kwa kumnyima mzazi haki yake.

Albertina aliolewa na Walter mwaka 1944, akazaa watoto watano na kulea wengine wa ndugu. Mwaka 1954 alihitimu ukunga. Wakunga Waafrika wa wakati ule walizunguka mitaa ya Soweto kwa miguu, sanduku la vifaa vya kuzalishia likiwa kichwani. Hiyo ndiyo ilikuwa madhabahu yake: kitanda cha mama mwenye uchungu, katika chumba kimoja chenye watu wengi.

Somo letu la leo, Kutoka 1:15-21, linatuonyesha wakunga wengine wawili, Shifra na Pua. Farao aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Wao walimcha Mungu, wakawaacha watoto wakaishi. Angalia jambo hili: Biblia haikulitaja jina la Farao yule mwenye jeshi na majumba, lakini majina ya wakunga wale yamehifadhiwa hadi leo.

Albertina naye alikutana na Farao wa wakati wake. Mwaka 1963 aliwekwa kizuizini, akafungiwa peke yake, watoto wakiwa nyumbani bila mama. Mwaka uliofuata mumewe alihukumiwa kifungo cha maisha. Kwa mshahara wa uuguzi, na kwa kushona na kufuma, alilisha nyumba na kusomesha watoto. Walter aliachiwa Oktoba 1989. Fanya hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka 25 ya kulala peke yake na kuamka kwenda kazini. Imani haikuufanya mzigo huo kuwa mwepesi. Ilimpa nguvu ya kuubeba tena kila asubuhi.

Hata sisi Watanzania tuna deni kwake. Tanganyika ilipopata uhuru, wauguzi wengi wa Kiingereza waliondoka. Mama huyu alisaidia kupata wauguzi wa Afrika Kusini waje kuziba pengo, wakatoroshwa kwa siri kupitia nchi ambayo leo ni Botswana. Huenda wewe msomaji, au mzazi wako, ulipokelewa duniani na mikono ya mmoja wao.

Sasa turudi katika sharika na jumuiya zetu. Wapo mama zetu wauguzi ambao kwenye daftari la mahudhurio wana alama za kutofika, wiki baada ya wiki, kwa sababu wako zamu ya usiku. Wapo mabinti wasioonekana kwenye mazoezi ya kwaya kwa sababu wanamgeuza kitandani bibi aliyepooza. Tunawanong'ona kwamba wamepoa kiroho. Siku wakifa, tunashona sare na kusoma wasifu mrefu.

Ndugu yangu, usisubiri wasifu. Mzee wa kanisa, kabla hujamhesabu mtu kuwa mtoro, nenda kamuulize usiku wa jana alikuwa wapi. Nawe dada uliye wodini leo wakati kengele ya ibadani inalia, mshike mgonjwa wako mkono bila kujilaumu. Katika Mathayo 25, Bwana amekwisha kusema kwamba yuko hapo kitandani, anakungoja.