MAJI KWANZA, TINDIKALI BAADAYE

Kila mwanafunzi wa kemia hufundishwa mapema kwamba tindikali ndiyo imiminwayo ndani ya maji, kidogo kidogo, wala si maji ndani ya tindikali. Tindikali kali ya salfa inapokutana na maji hutoa joto jingi mno. Maji machache yakimwagwa juu yake huchemka papo hapo na kuirusha usoni mwa aliyeishika chupa. Kanuni hiyo ni ya darasani, lakini sisi tunaona kuwa inazifaa pia ofisi zinazogawa vifaa katika shule za visiwa vyetu. Shule isipelekewe tindikali kabla ya kupelekewa maji.

Mtoto aliyerukiwa na tindikali jichoni anahitaji maji safi yanayotiririka, mara hiyo hiyo, kwa muda usiopungua dakika 15. Ndoo moja iliyotekwa kisimani asubuhi haitoshi. Wala mfereji uliokauka haumfai kitu, hata kama taarifa iliyomo faili inaeleza kuwa maabara ina mifereji sita.

Hatusemi majaribio yaachwe. Mitihani ya taifa ya kidato cha nne inamtaka mtahiniwa apime na achanganye kwa mikono yake mwenyewe, na kijana aliyeisoma sayansi ubaoni tu hakuisoma. Tunalolikataa ni ile desturi ya kumwachia mwalimu peke yake dhamana ya roho za watoto 40 au 50, naye hana miwani ya kinga, hana ndoo ya mchanga, na chumba chake kina dirisha moja lisilofunguka. Mwalimu wa namna hiyo, mtihani ukikaribia, atafanya nini? Atafanya jaribio hivyo hivyo, na pengine atawaacha wanafunzi wavute tindikali katika pipeti kwa midomo, kwa kuwa kipira cha kuvutia kilipotea na hakikuletwa kingine.

Wala tusidhani kwamba mambo haya huwapata wasiojua tu. Mwezi Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya kemikali ya zebaki juu ya glavu. Alikuwa amechukua hadhari zilizojulikana siku zile. Baadaye ilithibitika kwamba kemikali ile hupenya glavu za aina ile kwa sekunde chache tu. Alifariki Juni 1997.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na maabara zetu ni wa Septemba 2014, katika jumba la makumbusho la mji wa Reno, Marekani. Mwoneshaji alimimina methanoli kutoka katika chupa kubwa juu ya pamba ambayo moto wake haukuwa umezimika sawasawa. Moto ukapanda na kuingia chupani, na watu 13 wakaumia, wengi wao watoto waliokuja kutazama. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya nchi hiyo, ilipoziangalia ajali za namna hiyo za mwaka ule, ilihimiza kwamba chupa kubwa isikaribishwe kabisa mahali pa moto; kitolewe kiasi kidogo kinachohitajika, na chupa irudishwe stoo. Hilo halihitaji fedha za kigeni. Linaweza kuanza kesho katika kila shule inayotumia taa za spiriti, ambazo mwali wake hauonekani vizuri mchana, na ambazo mtu mwenye haraka huzijaza akidhani zimezimika.

Yapo pia mambo yanayotuhusu sisi watu wa visiwani hasa. Hewa yetu ya chumvi hula vizibo vya chuma na vali za gesi, kwa hiyo vifaa vyetu vinahitaji kukaguliwa mara nyingi zaidi kuliko vya bara. Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe hupitisha maji upesi, na maji tunywayo yanatoka katika ardhi hiyo hiyo. Mabaki ya kemikali yaliyomwagwa nyuma ya maabara hayakutupwa, yameelekezwa visimani. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo Zanzibar. Basi shule zielezwe waziwazi mabaki hayo yakusanywe vipi, na nani atakayekuja kuyachukua.

Tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali impe mwalimu wa sayansi idhini ya maandishi ya kuahirisha jaribio lolote pale anapokosa kinga, bila ya kuulizwa kwa nini yuko nyuma ya muhtasari. Na ofisa anayepeleka sanduku la kemikali shuleni, awe wa Unguja au wa Pemba, asitie saini hati ya makabidhiano mpaka aingie maabara, aufungue mfereji kwa mkono wake, na ayaone maji yakitoka.