AFYA YA JAMAA: Je, mgonjwa wa kansa anyimwe mafuta?



Mama mmoja ametuletea shauri ambalo bila shaka linasumbua nyumba nyingi. Dada yake amepatwa na kansa ya titi. Jamaa wamesikia ya kwamba kansa hula mafuta. Basi wamemkataza mgonjwa mawese, karanga na nyama, wakamwachia ugali na sombe iliyopikwa kwa maji matupu. Sasa anakonda. Je, wamefanya vema?

Kwanza tukiri kwamba habari waliyoisikia si uzushi mtupu. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, na kila chembe imezungukwa na utando mwembamba uliofanywa kwa mafuta zaidi. Chembe njema hugawanyika kwa kiasi na kwa wakati wake. Chembe ya kansa hugawanyika bila kukoma, na kila mara yahitaji utando mpya. Mafuta hayo itayapata wapi? Mwaka 1953 wataalamu watatu wa Marekani, Medes, Thomas na Weinhouse, walionyesha ya kuwa uvimbe wa kansa waweza kujitengenezea mafuta, hata kutoka katika sukari. Chembe nyingine nyingi za mwili hutumia yale yaletwayo na damu. Basi angalieni: hata mgonjwa akinyimwa mafuta yote, kansa ina jiko lake.

Tena huchukua ya jirani. Mwaka 2011 wataalamu wa Chicago walieleza kwa nini kansa ya ovari, yaani ya mahali yanapokomaa mayai ya uzazi ya mwanamke, huhamia mara nyingi katika pazia la shahamu linalofunika matumbo. Chembe za shahamu huigawia mafuta yao, nayo huyachoma kama kuni.

Mwaka 2017 wataalamu wa Barcelona waliwapa panya chakula chenye mafuta mengi, na kansa ikaenea zaidi katika miili yao. Walipoziba mlango ambao chembe hupitishia mafuta, kuenea kulipungua sana. Mafuta yaliyoshitakiwa hasa ni asidi ya palmitiki. Jina hilo latoka kwa mchikichi wetu, kwa kuwa Mfaransa Frémy aliipata katika mawese mwaka 1840. Nayo ni kama sehemu 44 katika 100 za mawese.

Hapo ndipo jamaa waliposhikwa na hofu, na siwacheki. Lakini panya si mtu, wala haijathibitishwa kwamba kumnyima mgonjwa mawese humponya. Asidi hiyo imo pia katika nyama na maziwa, na mwili wenyewe huitengeneza. Kumbukeni tena kwamba kansa mara nyingi huyeyusha shahamu na nyama ya mgonjwa. Naye aliyekonda sana huyavumilia matibabu kwa shida. Kwa hiyo jamaa hao, kwa upendo wao, wanausaidia ugonjwa.

Shauri la mtu mzima aliyenenepa kupita kiasi ni lingine. Mwaka 2016 wataalamu wa shirika la ulimwengu la uchunguzi wa kansa, lililoko Lyon, walitaja aina 13 za kansa zinazompata zaidi mtu mwenye shahamu nyingi mno. Mojawapo ni kansa ya titi kwa mwanamke aliyekoma hedhi, maana shahamu yake hutengeneza homoni ya kike inayoweza kuikuza. Najua kwetu kitambi huhesabiwa kuwa heshima ya mume na sifa ya mke aliyempikia. Heshima hiyo ni ghali.

Kwa mama aliyetuuliza, jibu ni hili: mrudishieni dada yenu karanga zake, na sombe yake itiwe mawese kwa kiasi. Mpimeni uzito kila juma, mwandike hesabu hiyo, mwipeleke kwa mganga anayemtibu. Na kabla ya kumkataza chakula cho chote, mwulizeni yeye.