Mvuke hautoi malaria: tuache kuwauzia wahami jasho lao

Leo nasema bila kuzunguka: mtu anayemlipisha mama mhami ili amfukize mtoto mwenye homa, akimwambia kwamba malaria itatoka na jasho, anafanya ubaya. Na kiongozi wa mtaa anayeona na kunyamaza anamsaidia.

Kujifukiza si kitu kigeni kwetu. Bibi zetu huku Kivu walichemsha majani ya mikaratusi na muravumba, wakajifunika blanketi juu ya sufuria, mafua yakalegea. Hakuna aliyelipishwa. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, desturi hiyo ilivuma upya hadi Tanzania. Sasa hapa Goma imegeuzwa biashara: kijumba cha mbao kilichozungushiwa plastiki, mbabula ya makala ndani, sufuria juu yake, na mlangoni orodha ya magonjwa: malaria, tifoidi, presha, tumbo, sumu za mwilini. Wanakiita sauna.

Niliingia katika kimoja, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ili nijue ninachoandika. Nitasema haki: joto linalegeza mgongo uliochoka kubeba bidoni za maji, na pua inafunguka. Mtu mzima mwenye afya akitaka kulipa pesa yake apumzike, hilo ni lake. Lakini tulikuwa wanne ndani, dirisha hakuna, makala yanawaka karibu na miguu yetu, na mmoja wetu alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Aliposema kichwa kinamuuma, mwenye nyumba alijibu: «Vumilia, ndiyo ugonjwa unatoka.»

Huo ndio uongo unaoua. Makala yakiwaka mahali pasipo hewa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anatapika, anasinzia, na anaweza asiamke. Sisi watu wa Goma tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia katika mashimo, ikiua mbuzi na watu bila kelele. Gesi ya mazuku ni nyingine, dioksidi ya kaboni, lakini zote mbili hazionekani. Inakuwaje tunakataza watoto kushuka katika shimo la mazuku, halafu tunatoa faranga ili waingizwe katika shimo la plastiki?

Na malaria je? Vijidudu vyake viko ndani ya ini na damu. Havitoki kwa ngozi. Jasho ni maji na chumvi. Uchafu wa mwili huchujwa na ini na figo. Mtoto mdogo mwenye malaria anaweza kuzidiwa katika siku moja tu. Kila saa anayokaa kwenye mvuke ni saa aliyonyimwa dawa.

Kwa mwenye kuhara ni vibaya zaidi. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi hapa Goma, na kinaua kwa kukausha mwili. Kumtoa jasho mtu anayeharisha ni kumalizia maji aliyobakiza. Huyo anahitaji kunywa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na njiani kuelekea kituo cha afya aendelee kunywa.

Najua jibu mtakalonipa. Kituo kiko mbali, foleni ni ndefu, siku nyingine dawa zimekwisha. Ni kweli, na wenye kusimamia afya wanapaswa kulijibu hilo mbele ya watu. Lakini ukosefu wa dawa haugeuzi mvuke kuwa dawa. Unampa tu mwenye mvuke wateja wasio na pa kwenda. Kipimo cha tone la damu kidoleni kinatoa jibu kwa dakika kama 15 hadi 20. Mama, uliza kwanza huko kabla hujafungua kitambaa chako cha pesa.

Wenye vijumba, nawaomba mambo matatu. Toeni makala nje na fungueni dirisha. Msiingize mtoto, mjamzito, wala mtu mwenye homa au anayeharisha. Futeni hiyo orodha ya magonjwa mlangoni. Wakikataa, viongozi wa mitaa wafunge, bila kungoja maiti ya kwanza itolewe ndani. Mhami ameshapoteza shamba, nyumba na mbuzi. Pesa ya unga iliyobaki mfukoni mwake tusiichukue kwa kumchemshia maji.