Panda baiskeli uyaone ya barabarani!

Kama unasoma hapa huku umebanwa ndani ya daladala na kiwiko cha mtu kiko shavuni, pole sana. Mimi mwenzenu nilishajitoa huko. Tangu mwaka 2017 nipo na Phoenix yangu nyeusi, Kimara hadi Kariakoo ninakotengeneza simu, kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili. Washikaji wananicheka, eti muuza maziwa. Na wacheke. Ninayoyaona mimi wao hawayaoni.

Maana jamani, mwenye gari haoni kitu. Yeye macho yako kwa trafiki na kwa gari la mbele. Sie wa baiskeli tunakwenda polepole na macho tumeyaweka chini, kwa sababu ukizubaa kidogo tu, msumari huo. Halafu kila kinachodondoka katikati ya barabara hakikai katikati. Matairi yanakisukuma, kinasogea, kinasogea, mpaka kinatua pembeni kwetu walalahoi. Vioo, nati, sarafu, na vile viwaya vyembamba vya matairi ya malori yaliyopasuka, ambavyo wewe huvioni lakini tiubu inaviona. Ukitaka vya maana, chungulia mbele kidogo ya tuta. Gari likisharuka tuta ndipo mzigo usiofungwa vizuri unapoaga.

Nimeokota spana. Nimeokota kofia ya konda, pasi ya mkaa, na siku moja meno ya bandia, ya juu tu, yametulia yananichekea pale Kibo. Hayo sikuyagusa. Kandambili ndiyo usiseme, na siku zote ni moja. Hivi nyie mnaodondosha kandambili moja, ile nyingine huwa mnaipeleka wapi?

Na kama huamini kwamba barabara haina siri, toka saa kumi na moja alfajiri. Utakutana na wabeba mkaa wanaoshuka kutoka njia ya Kibaha, magunia yamewazidi kimo, wanapumua kama injini. Utakutana na vijana wa mikate. Na utakutana na baba mmoja mtu mzima, suti safi, anatoka uchochoroni viatu vikiwa mkononi. Huyo namwona karibu kila Alhamisi. Tumefikia hatua ya kusalimiana. Mzee, usihofu, jina nalihifadhi.

Mvua nazo zina yake. Mwaka 2018 Msimbazi ulipofurika pale Jangwani, maji yakaingia hadi kwenye karakana ya mabasi ya mwendokasi, magari yalikwama huku na huku. Mimi nilisubiri yapungue nikavuka kwa miguu, baiskeli begani. Kambale alikuwa juu ya lami, mzima, anajipinda kama mtu aliyekosea njia. Kijana mmoja alimtia kwenye ndoo akaondoka zake bila hata kugeuka nyuma.

Lakini kilichonivunja mbavu ni kuku wa Magomeni. Asubuhi moja nakuta watu wamejaa njia panda, duara kubwa, katikati kuna jogoo kafungwa miguu kwa kitambaa chekundu. Hakuna anayemgusa. Mmoja anasema huyo katoka Sumbawanga, mwingine anasema ukimvuka unapooza, dada mmoja anasoma dua kwa sauti. Mara akaja mama ntilie, kajifunga khanga kiunoni. "Tokeni hapa! Kuku kaanguka kwenye Hiace, nimemwona kwa macho yangu!" Akamkwapua miguu juu kichwa chini, huyoo. Alimfunga kwenye mguu wa meza akamsubiria mwenyewe siku mbili nzima. Siku ya tatu palikuwa na pilau, na wale wale wa dua ndio walikuwa mbele kwenye foleni. Sikatai, na mimi nilikula. Nyama ilikuwa ngumu kidogo.

Sasa hapo kwenye kusubiri siku mbili ndipo mama ntilie aliponishinda. Haya ninayoyasema sasa sijamwambia mtu pale kijiweni.

Ilikuwa Jumatatu. Nimepita Ubungo, nakaribia Shekilango, nikaona bahasha ya kaki imelala kwenye njia ya baiskeli, alama ya tairi la bodaboda imepita juu yake. Nikasimama. Nikaipapasa, nikachungulia: makaratasi, na juu ya makaratasi noti tatu za elfu kumi kumi. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma. Hakuna anayetafuta kitu. Nikaisokomeza ndani ya shati, nikakanyaga pedeli.

Nataka mnielewe. Tairi langu la nyuma lilikuwa kipara kabisa, tiubu inachungulia nje, na lilikuwa limeniachisha njiani mara mbili wiki iliyopita. Mfukoni nilikuwa na nauli ya kwenda tu. Nikajiambia: nachukua elfu kumi ya tairi, nitairudisha Jumamosi, bahasha nitaisoma jioni kwa utulivu. Mchana huohuo fundi akanivisha tairi jipya, nikarudi Kimara nateleza kama niko kwenye barafu.

Jioni sikuisoma. Niliiweka juu ya kabati, palepale penye pampu. Jumanne kulikuwa na mpira. Wallah, sikuwa na nia ya kuificha. Sema nilikuwa naogopa kuifungua, maana nikishajua ni ya nani, ile elfu kumi itakuwa imepata mwenyewe.

Jumatano usiku ndipo nikamwaga kila kitu kitandani. Cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kidato cha nne. Cheti cha chuo, mambo ya mapishi na hoteli. Picha nne za pasipoti za dada mmoja, kafunga nywele nyuma, hacheki. Na barua: unaitwa kwenye usaili, Jumanne, saa mbili asubuhi, ufike na vyeti vyako halisi, asiye navyo hatasailiwa.

Jumanne. Jana yake.

Namba ya simu ilikuwa juu kabisa ya wasifu wake, imeandikwa kwa herufi nene. Ingenichukua dakika moja palepale Shekilango.

Nikapiga. Nikasema, "Samahani dada, nimeokota bahasha yako." Kimya. Halafu nikasikia anamwita mama yake. Walipokwisha kumshukuru Mungu akauliza, "Kaka, umeiokota lini?" Sijui ningejibu nini kama simu yake isingekatika. Chaji, nadhani. Au ndivyo nilivyoomba iwe.

Tukakutana kesho yake kituo cha Ubungo. Alikuja na mdogo wake wa kiume, kama shahidi. Akavitoa vyeti kimoja kimoja, akavigeuza, akavirudisha. Akanieleza bila kuulizwa: Jumatatu alikuwa anakwenda kutoa kopi na kufuata sketi kwa fundi, zipu ya begi ilikuwa mbovu, akapanda boda. Alipogundua, alitembea kwa miguu kutoka Shekilango hadi Ubungo na kurudi, anauliza kila mwenye genge. Jumanne alikwenda hivyo hivyo na karatasi ya polisi ya upotevu. Mlinzi wa getini hakumruhusu hata kuingia.

Kisha akahesabu fedha. "Hapa kuna ishirini."

Mdogo wake akanitazama. Ningeweza kusema ndivyo nilivyoikuta, na nani angebisha? Ulimi ulikuwa umeshajipanga. Nikasema, "Nilinunua tairi."

"Tairi?"

Nikamwonyesha. Akainama, akalibonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayepima embe sokoni. Hakutukana, jamani. Bora angetukana. Akasema, "Zuri," akaweka bahasha kwenye begi, safari hii akalikumbatia kifuani, wakaondoka yeye na mdogo wake.

Nina rafiki anasoma sheria pale Mlimani. Nikamsimulia kama vile kisa ni cha mtu mwingine, si mnajua tena. Akaniambia kipo kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, kinaeleza wizi ni nini. Mtu akiokota kilichopotea akakitumia, hahesabiwi kuwa mwizi ikiwa hamjui mwenyewe na ana sababu za maana za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Nikachangamka, nikamwambia, basi huyo jamaa yuko salama. Akacheka. "Jina analo, picha anayo, namba ya simu anayo, hajapiga. Salama gani hiyo?" Nikabadilisha mada, tukazungumzia Simba na Yanga.

Jumamosi nilimtumia elfu kumi yake kwa simu, na ya kutolea juu. Akajibu neno moja: "Imefika." Nimeshaandika ujumbe wa kumuuliza kama alipata kazi kwingine, nimeufuta, nimeuandika tena. Mpaka naandika safu hii haujaondoka.

Siku hizi bosi wangu analalamika nachelewa, na sababu anaijua. Nikiona bahasha au pochi, nasimama palepale, naegesha baiskeli, nafungua, napiga simu kabla sijapanda tena. Mwezi uliopita nilisimama nusu saa juani kumsubiri mzee aliyedondosha kadi ya kliniki ya macho. Alikuja anapapasa ukuta.

Kabla sijasahau: juzi nimeokota kiatu cha shule cha mtoto, cheusi, mguu wa kushoto, kina mkanda, bado kipya kabisa. Nimemwachia fundi viatu anayekaa chini ya daraja la watembea kwa miguu pale Manzese. Hataki hela. Mwenyewe akifika aje na cha kulia, wavilinganishe.