Ukijani wa Mlima Hautoshi Kuongeza Damu

Kihamba cha Uchagani, yaani shamba la nyumbani kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, hakikosi cha kuchuma: ndizi, mnavu, mchicha, maparachichi. Ndiyo maana ukisema kwamba wasichana wa Marangu, Kibosho au Old Moshi wanaweza kupungukiwa damu, utaulizwa: watapungukiwaje na mboga zimejaa nyuma ya nyumba? Swali hilo lina haki ya kujibiwa kabla hatujadai vidonge vya kuongeza damu shuleni.

Wakati wa balehe mwili hurefuka, misuli hukua, na damu nayo lazima iongezeke. Mvulana na msichana wote huhitaji madini chuma mengi zaidi ili kutengeneza himoglobini, inayosafirisha oksijeni mwilini. Msichana hupoteza sehemu ya madini hayo kila mwezi kwa hedhi. Akiba ikikauka, huchoka mapema, hutweta akipanda kilima, moyo humwenda mbio, wengine hutamani kula udongo. Masomo hayamkai kichwani, na ni rahisi kumwita mvivu.

Mboga zina chuma, lakini mwili hukifyonza kwa shida kuliko cha nyama. Mahindi na maharage ya makande yana fitati, inayozuia ufyonzaji huo, na chai au kahawa inayonywewa pamoja na chakula huuzuia zaidi. Tangu 2011 kanuni za Tanzania zinataka viwanda virutubishe unga kwa madini chuma, ila mahindi yanayosagwa kwenye mashine ya kijijini mara nyingi hayapati kirutubishi hicho.

Mwinuko nao una lake. Huko juu hewa ni nyepesi, hivyo mwili hulazimika kuwa na himoglobini nyingi zaidi. Kwa msichana asiye mjamzito wa Dar es Salaam, kiwango cha chini ni gramu 12 kwa desilita. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024, anayeishi kati ya mita 1,000 na 1,499 anahitaji 12.8. Mwenye 12.4 katika kijiji cha mita 1,300 ataambiwa yuko salama iwapo mpimaji hakuhesabu mwinuko, kumbe sivyo.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kidonge cha kila wiki, chenye miligramu 60 za chuma pamoja na foliki asidi, pale upungufu unapofikia asilimia 20. Sisi tumepita kiwango hicho mara mbili.

Kwa hiyo halmashauri za Kilimanjaro zihakikishe kidonge hicho kinamfikia kila msichana shuleni, na zahanati zipime kwa kuhesabu mwinuko. Anayeendelea kudhoofika apelekwe hospitali, kwani malaria, minyoo na selimundu pia hupunguza damu. Nawe mzazi, mpe binti yako chungwa au pera pamoja na makande ili chuma kifyonzwe vizuri, na chai isubiri saa moja.