Mita Moja, Milango Minne



Mama mmoja mjane, mwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba vinne vya kupangisha, alitujia wiki iliyopita na daftari mkononi. Mita ya stima ni moja. Kila mlango hutoa fungu lake, naye ndiye anunuaye tokeni. Tangu chumba cha nne kipate mpangaji, pesa zilizokuwa zikitosha mwezi mzima hazifiki tena, na maneno yameanza uani kwamba mwenye nyumba anajikatia chake. Aliapa hajachukua hata senti. Tukaketi naye tukapiga hesabu.

Umeme wa majumbani nchini Kenya hauuzwi kwa bei moja. Mwezi wa Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) iliweka madaraja matatu: asiyepita yuniti 30 kwa mwezi, aliye baina ya 30 na 100, na apitaye 100. Bei zilizotangazwa wakati ule ni shilingi 12.22, 16.30 na 20.97 kwa yuniti, kabla ya gharama ya mafuta, VAT na tozo nyinginezo. Zimerekebishwa tangu hapo, lakini mpango ni ule ule. Daraja la mtu huamuliwa na wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na mita haijui nyuma yake mna milango mingapi.

Tuseme kila mlango watumia yuniti 28. Milango mitatu ni 84, daraja la kati, na kila mmoja hulipa shilingi 456. Alipoingia wa nne zikawa 112, na wastani ulipovuka 100 wote wakapanda daraja la juu: shilingi 587 kila mlango, kwa taa zile zile na feni ile ile. Lau kila mmoja angelikuwa na mita yake, angelilipa 342. Kwa nyumba nzima tofauti ni shilingi 980 kila mwezi, wala hakuna aliyeziiba.

Lakini daftari lilitufunulia jambo jingine. Mpangaji wa mlango wa pili ana friji ya kugandishia barafu za kuuza, na fungu lake ni sawa na la bibi wa mlango wa tatu mwenye taa moja na redio. Hapo hatukuweza kumtetea mama. Yuniti ni kipimo kama vilivyo pishi na kibaba, na Surat al-Mutaffifin inajulikana imewaonya kina nani. Tulimshauri aweke mita ndogo kwa kila chumba, na kila mmoja alipe alichotumia kwa bei iliyo kwenye risiti, bila nyongeza. Sheria ya Kawi ya 2019 yataka leseni kwa mwenye kufanya biashara ya kuuza umeme. (Na ule waya uliopitishwa juu ya makuti kwenda kwa jirani wa nyuma, tulimwomba aukate siku hiyo hiyo.)

Aliuliza pia kuhusu sola: je, aweza kuweka paneli akawauzia majirani? Kanuni za 2024 zamruhusu mteja kuingiza ziada yake katika gridi, akahesabiwa nusu ya alichotoa dhidi ya atakachotumia. Ziada hiyo huenda kwa kampuni ya umeme, haiendi dirishani kwa jirani.

Juzi tulipita kumjulia hali. Risiti za tokeni zimebandikwa ukumbini, kila mtu azione. Wapangaji wawili wameomba mita zao wenyewe. Muuza barafu alinuna siku mbili, kisha akapandisha bei ya kifuko, na bibi wa mlango wa tatu amerudishiwa shilingi 300 za miezi iliyopita.